Kuku mmoja kwa kila mgeni: kisa cha chatu wawili wa Kayenze

Dume alikuwa amekwisha kufa nilipofika. Alilala juu ya sakafu ya zege, mdomo nusu wazi, na mbele yake palikuwa na sungura aliyemtapika, manyoya bado yameganda upande mmoja. Ilikuwa asubuhi ya Julai, upepo wa ziwa ukipita kwenye wavu wa banda. Mzee wa kikundi aliitikia shikamoo yangu, kisha akasema: "Mmoja ameondoka, mwanangu. Mtazame na huyu jike kabla hajamfuata."

Hiki ni kikundi kidogo cha ngoma ya nyoka upande wa Kayenze, Ilemela, mkoani Mwanza, karibu kabisa na mwalo wavuvi wanaposhushia samaki. Wenyewe wanajihesabu miongoni mwa Bayeye, Wasukuma wanaocheza na nyoka na kuwatibu walioumwa nao. Wengi wanaowafahamu Bayeye wamewaona Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma kule Kisesa, wakati wa sherehe za Bulabo mwezi Juni. Kibali cha kufuga wanyamapori wanacho, nilikiona. Nyoka wao wanawapenda, na naomba msomaji alishike hilo tangu mwanzo, maana kisa hiki hakina mtu mkatili hata mmoja.

Jike walimpata kwa wavuvi waliomkuta kwenye matete akiwa amenasa katika kipande cha nyavu. Siku ile ile wavuvi walimtia kwenye kiroba wakamning'iniza kwenye mizani ya kupimia samaki: kilo 13. Wakampima na kwa kamba: futi 10. Ni bahati kubwa kwa daktari kukuta vipimo vya namna hiyo. Nilipomtia tena kwenye kiroba Julai ile, mwaka mmoja na siku chache baadaye, mizani ya mwalo ule ule ilisoma kilo 29. Urefu ulikuwa futi 11. Mwili ulikuwa umeongezeka zaidi ya maradufu na urefu futi moja tu.

Malalamiko yalikuwa matatu: anatapika, mara mbili ndani ya wiki tatu, amepooza, hainuki kama zamani, na tumbo limejaa. Hili la tatu kwa wenyewe halikuwa lalamiko. Walikuwa wakisubiri mayai.

Sikuwadharau kwa hilo. Unene wa chatu jike si ubaya siku zote. Jike wa porini hunenepa kabla ya kutaga, kwa sababu baada ya hapo atajizungushia mayai yake miezi miwili hadi mitatu, akiyalinda bila kwenda kuwinda. Mafuta yale ndiyo akiba yake. Kwa hiyo swali langu la kwanza lilikuwa kama huyu ni mama mtarajiwa, au ni mgonjwa, au ni vyote viwili.

Nilianza na macho. Chatu mwenye afya ukimkata kwa mawazo katikati utaona umbo la mkate wa boflo: chini bapa, juu mviringo, misuli imeshika pande zote mbili za uti wa mgongo. Huyu alikuwa bomba, na uti wake ulikuwa umezama kwenye mfereji katikati ya minofu miwili laini. Akijikunja, ngozi ilijipinda makunyanzi na nafasi kati ya magamba ikaonekana nyeupe hata mahali ambapo hakuwa na chakula. Kichwa kilikuwa kidogo kwa mwili ule, kama kimeazimwa. Na mkia: nyuma ya tundu la haja ulikuwa mnene kama mkono wangu, kisha ukakatika ghafla kuwa mwembamba. Mayai hayakai mkiani. Uvimbe unaovuka tundu la haja na kuendelea mkiani ni mafuta, na hapo ndipo tumaini la mayai lilipoanza kunitoka, ingawa sikulisema bado.

Dume alinipa majibu ambayo jike hai asingeweza kunipa. Nilimpasua pale pale nje, juu ya gunia, kijana anayewahudumia nyoka akinishikia kisu cha pili. Tuliona mafuta kabla ya kuona kitu kingine, mapande meupe yamepangana kama ndimu ndani ya mfuko, kutoka katikati ya mwili hadi karibu na mkia. Ini, ambalo lingepaswa kuwa jekundu la kukolea, lilikuwa la njano iliyopauka na lilivunjika kwa kidole. Nilikata kipande nikakitupa kwenye ndoo ya maji. Kilielea. Ini lenye afya huzama. Figo zilikuwa na madoa meupe kama chokaa, na mfuko wa moyo ulikuwa umepakwa utando mweupe unaokwaruza ukiupitisha kidole. Tumboni kulikuwa na mabaki ya sungura mwingine, yameoza na kuchacha, harufu ikatufukuza wote wawili hatua tatu nyuma.

Chokaa ile ni jongo. Nyoka hakojoi maji kama sisi. Taka za protini huzitoa zikiwa asidi ya yuriki, ule uji mweupe unaoonekana kwenye kinyesi chake. Protini ikiwa nyingi kuliko uwezo wa figo, na maji yakiwa machache, asidi hiyo haitoki yote. Inaganda kuwa chembechembe ndani ya mwili wenyewe, kwenye figo, kwenye ini, juu ya moyo. Dume huyu alikuwa na ini la mafuta na jongo la viungo vya ndani, na kilichommaliza ni sungura aliyeozea tumboni.

Nikauliza wanakula mara ngapi. "Wanakula vizuri," kijana alisema, kwa fahari. Hakukuwa na ratiba. Kulikuwa na daftari la mapato.

Daftari lile ndilo lililonifungua macho. Mgeni akifika hulipa kiingilio, na akitaka kumwona chatu akila hulipia kuku au sungura. Kwa hiyo kila mlo wa mwaka mzima ulikuwa umeandikwa, kwa tarehe, na bei pembeni. Tuliketi kwenye benchi mimi na mzee tukahesabu. Jike alikuwa amekula mara 52. Masika kulikuwa na wiki nzima bila mstari hata mmoja, kwa sababu barabara ilikuwa matope na wageni hawakuja. Juni, msimu wa ngoma, alikula mara 9 ndani ya mwezi mmoja. Tukikadiria kuku na sungura wa kilo moja na robo hivi, ni zaidi ya kilo 60 za nyama, karibu mara tano ya uzito aliokuja nao. Chatu mkubwa wa uzito wake wa mwanzo, akipewa mlo wa kilo moja na robo mara moja kwa mwezi, angekula kilo 15 kwa mwaka na asingepungukiwa na kitu.

Na wanyama wale hawakuwa wa porini. Chatu anayeishi kwenye miamba ya Mwanza huvizia pimbi, panya buku, ndege wa majini, na pengine miezi hupita bila yeye kupata chochote. Kuku wa kisasa na sungura wa bandani wamenoneshwa wauzwe.

Hapa lazima niseme langu. Mwaka uliotangulia nilipita kijiji kile kuchanja ng'ombe, na kijana huyu huyu aliniuliza njiani, "Dokta, chatu akila sana kuna shida?" Nilimjibu nikiwa nafunga boksi la chanjo: nyoka akikubali chakula yuko salama. Nilijibu kama mtu wa ng'ombe. Ng'ombe akigoma majani unaitwa usiku. Anayekula hakuna anayekuita. Kwa chatu kipimo hicho ni kibovu. Yeye ameumbwa kumeza kila kinachopita kwa sababu hajui kingine kitapita lini. Kukubali kwake chakula hakusemi chochote juu ya kama anakihitaji. Jibu lile liliingia kwenye daftari pamoja na kuku.

Mwili wa chatu ni wa vipindi viwili, kula na kukaa, na vyote viwili ni kazi. Wanasayansi wamemchunguza sana ndugu yake, chatu wa Burma. Akimeza mlo mkubwa, mwili unaamka wote kwa pamoja: utumbo mwembamba huongezeka uzito mpaka kufikia karibu maradufu, ini na figo hukua, na mwendo wa kuunguza chakula hupanda mara nyingi kuliko alipokuwa ametulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta misuli ya moyo imeongezeka kwa asilimia 40 ndani ya saa 48. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walieleza jinsi damu yake baada ya mlo inavyojaa mafuta hadi kufanana na maziwa, bila mafuta hayo kumdhuru moyo. Halafu, chakula kikiisha kusagwa, viungo vile vinasinyaa tena na mwili unarudi kwenye utulivu wake, ukiishi kwa akiba.

Kipindi hicho cha pili ndicho wageni walichokuwa wakikinunua bila kujua. Kila kuku alifika kabla utumbo haujasinyaa, na akiba haikuguswa hata siku moja. Mafuta yaliingia, hayakutoka. Yalipojaa kwenye mapande ya tumboni yakaanza kukaa kwenye ini.

Kisha kulikuwa na baridi. Watu wa nje hawaamini nikisema baridi ya Mwanza, lakini mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai si wa mchezo kwa mnyama asiyejitengenezea joto. Nilitundika kipimajoto bandani usiku mmoja. Alfajiri kilisoma nyuzi 18, na zege lilikuwa nyuzi 17. Chatu husaga chakula vizuri akiwa na mahali pa nyuzi 30 hivi pa kujilaza. Chini sana ya hapo, bakteria wa ndani ya sungura wanafanya kazi haraka kuliko tumbo la chatu, na nyama inaoza kabla ya kusagwa. Hapo atatapika, na akitapika anapoteza maji na chumvi, na koo linaungua kwa asidi. Wengi huona nyoka ametapika, wakadhani tumbo liko tupu, wakampa kuku mwingine kesho yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa dume. Daftari lilionyesha milo mitatu katika siku kumi za mwisho za maisha yake.

Maji nayo. Karai la bandani lilikuwa dogo, na lilijazwa asubuhi za wageni. Hatua sitini kutoka pale ni ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na figo za dume zilikuwa zimekauka.

Jike sikumtoa damu siku ile. Mlo wa karibuni ungenidanganya, kwa kuwa mafuta kwenye damu ya chatu aliyetoka kula ni jambo la kawaida. Nilingoja wiki tatu bila yeye kupewa kitu, nikamtoa damu kwenye mshipa wa chini ya mkia, nikaiacha itulie. Majimaji ya juu yalikuwa bado meupe, kama maziwa yaliyotiwa maji. Altrasaundi ndogo tunayotumia kupimia mimba za ng'ombe haikuonyesha yai wala kokwa la yai. Ilionyesha mafuta, na ini linalong'aa kupita kiasi. Nilimwambia mzee. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo huyu hakuwa na mtoto. Tulimshibisha tu."

Mwenzangu aliyesomea wanyamapori Morogoro alishauri kwa simu asile kabisa miezi minne, kwa kuwa chatu anaweza. Ni kweli anaweza. Mimi nilikataa, na bado naona nilikuwa sahihi: ini ambalo tayari limejaa mafuta, ukilifungulia ghafla mafuta yote ya akiba ya mwili, linaweza kuzidiwa. Tulikubaliana tushuke taratibu. Baada ya zile wiki tatu za kupumzika tumbo, alipewa mnyama mdogo wa nusu kilo, kifaranga kikubwa au panya aliyefugwa, kisha mwezi mmoja kamili bila kitu, kisha mwingine kama huyo. Hakuna dawa niliyompa zaidi ya maji. Kila jioni ya wiki mbili za kwanza kijana alimlaza kwenye beseni kubwa lenye maji ya uvuguvugu, yakifika nusu ya unene wake, kwa nusu saa, akiwa amesimama pale pale. Kinyesi cha kwanza kilichofuata kilikuwa na donge la uji mweupe mgumu kama chaki. Kijana alinipigia simu kulieleza kwa furaha ambayo sikuitarajia kwa kinyesi.

Joto tulilipata kwa mawe. Mwanza haina upungufu wa mawe. Tuliingiza mabamba manne ya mwamba upande unaopigwa na jua la alasiri, tukayainua kidogo ili awe na pango chini yake. Mwamba ule unahifadhi joto mpaka usiku wa manane, ndiyo maana chatu wa porini hukaa humo. Zege tulilifunika kwa nyasi kavu, tukaongeza boksi la mabanzi na balbu iliyozungushiwa wavu asije akaungua. Tuliweka na gogo la kupanda na pipa lililokatwa nusu la kuogelea, kwa sababu mafuta ya nyoka hayaondoki kwa njaa peke yake. Misuli inahitaji kazi.

Kazi ngumu haikuwa bandani. Ilikuwa mlangoni. "Mtu katoka Dodoma na watoto wake, amelipa, nimwambie nini?" mzee aliniuliza, na lilikuwa swali la haki kabisa, pesa ya kuku ndiyo iliyolipa ada za wajukuu wawili. Sikuwa na jibu. Jibu alilitoa kijana. Alisema wageni walishangaa zaidi siku ile tulipomning'iniza kwenye mizani kuliko siku yoyote aliyokula. Tangu Septemba, kumpima chatu ndiyo onyesho: kila mgeni anakisia kilo, kiroba kinapanda, mizani inasomwa kwa sauti, na namba inaandikwa ubaoni. Mapato yalishuka, siwezi kuficha hilo. Mwezi wa kwanza yalishuka sana. Lakini sasa uzito wa jike unapimwa mara nyingi kuliko wa mgonjwa yeyote niliye naye.

Kuna faida moja ambayo sikuifikiria. Chatu aliyezoea kwamba mlango ukifunguka kuna kuku, huurukia mlango. Kijana ana makovu ya meno kwenye mkono wa kushoto, ya siku aliyoingia kufagia baada ya kushika kuku. Watu walisema nyoka ana njaa. Hakuwa na njaa, alikuwa ameshajifunza mlango. Sasa mlango hufunguliwa mara nyingi kwa maji, kwa kufagia, kwa kumpima, na chakula kinaingizwa kwa upande mwingine, kwa koleo ndefu. Kufikia Desemba alikuwa ameacha kurusha kichwa.

Hajatapika tangu Agosti. Novemba alijivua gamba likatoka zima, kutoka pua hadi ncha ya mkia, jambo ambalo halikutokea mwaka uliotangulia, lilipokuwa likitoka vipande vipande. Februari alikataa chakula. Mzee alinipigia saa tano usiku, sauti ikitetemeka, akidhani ndiyo mwisho. Nilimuuliza yuko wapi. Chini ya mwamba, ametulia, anatoa ulimi. Nilimwambia amwache, asimpelekee kingine, ampe maji tu. Alikaa wiki saba bila kula na alipoteza gramu 400. Mzee alisema baba yake aliwarudisha nyoka porini msimu wa ngoma ukiisha, na kwamba yeye alidhani kumlisha mwaka mzima ni kumtendea wema zaidi ya baba yake. Nilimwelewa.

Mwanzoni mwa Machi mizani ilisoma kilo 25.6. Ni kilo tatu na kidogo kwa miezi saba, na ndiyo kasi ninayoitaka. Chatu hukonda polepole, na nisingependa akonde haraka zaidi. Mfereji wa mgongoni umeanza kujaa misuli. Mkia bado mnene. Damu niliyotoa mwezi huo huo ilikuwa na ukungu, si maziwa tena. Ini ndilo ninaloliogopa, kwa kuwa lililokwisha kuwa kovu halirudi, na figo zake sina njia ya kuziona kama nilivyoziona za dume. Altrasaundi ya pili nimeipanga baada ya masika, barabara ikikauka. Mlo ujao uko tarehe 14, nusu kilo, na kijana ameuandika kwa chaki kwenye ukuta wa banda, chini ya orodha ya kilo.